Fimbo Kumi na Mbili za Kona ya Genge

9 Novemba

Kuanzia hapa Napauk mpaka Mto Kuskokwim unapomwagika baharini, hakuna binadamu mwenye miguu kama yangu. Nasema binadamu kwa adabu tu. Juzi nilikuwa naendesha baiskeli kwenye baridi ya hasi ishirini, kulungu dume mwenye pembe pana kama mlango akanitokea njiani. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyepisha. Aliingia kwenye theluji mpaka tumboni, na nilipompita naapa aliinamisha kichwa. Mapaja yangu yana moto kiasi kwamba theluji inayeyuka nyuma yangu. Barafu ikivunjika mwezi wa tano na mto ukafurika, watu wa chini wajue ni mimi.

Jina langu Evon. Nina miaka kumi na tisa. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, bado tunabishana. Daftari hili nimepewa na mwalimu aliyeshindwa kunifundisha hesabu za kugawanya. Alisema, "Andika, Evon, angalau mdomo upumzike."

Baiskeli yangu ina matairi mapana kama kichwa cha mtoto. Aliiacha mwanamume mmoja wa kusini, mshiriki wa yale mashindano marefu yanayopita hapa kila mwaka. Aliingia nyumbani kwetu na vidole vyeusi, akanywa supu ya Mama Agafia siku mbili, akapanda ndege, akaniambia, "Chukua, sitaki kuiona tena." Nimeipa jina Mama Mkwe, kwa sababu ni nene, ina gharama, na haijawahi kunichekea.

Mwezi wa Machi kuna mbio za baiskeli kutoka Kuiguk, kijiji cha chini, mpaka hapa kwetu. Maili ishirini na mbili. Wengine wanakuja kuamua nani atakuwa wa pili.

14 Novemba

Leo mto mzima umenisikia. Kila nyumba ina redio ya upepo sebuleni, na wote tuko kwenye chaneli moja, kwa hiyo ukikohoa hapa unapewa pole huko chini.

"Napauk, Napauk, mpo? Nasikia kuna mtu huko anaendesha godoro."

Nikamnyang'anya Mama Agafia kipaza sauti. "Nani huyo anaongea kama ana samaki mdomoni?"

"Trofim wa Kuiguk. Unanijua."

"Nakujua sana. Wewe si yule aliyepitwa na mbwa wa bibi yake?"

"Yule mbwa alikuwa na miguu minne!"

"Na wewe una miwili ya kuazima. Njoo huku kwa baiskeli, kama ni mwanamume. Usisubiri Machi."

"Nitakuja Januari, Krismasi yetu ya Slaaviq. Wenzangu watakuja na nyota ya kuimbia nyumba kwa nyumba, kwa pikipiki za theluji, mimi nitatangulia kwa baiskeli. Niandalie chai."

Nikasikia mtu anacheka nyuma yake. Ni Paraska, dada yake. Kicheko cha Paraska nakijua hata kikija kwa redio.

Bibi mmoja akaingilia: "Nyie watoto, tokeni hewani. Nasubiri habari za ndege."

17 Novemba

Maili kumi. Hasi kumi na nane. Kope zilishikana.

18 Novemba

Nimepasua kuni. Mgongo.

20 Novemba

Mjomba Nikifor amenigombeza. Mjomba ndiye aliyenilea, yeye na mkewe Mama Agafia. Pia ndiye kiongozi wa watafutaji: mtu akipotea mtoni au msituni, redio inaita jina lake kwanza. Nilirudi mazoezini shati limelowa, nikajipiga kifua, "Ona jasho la bingwa!" Akanivua koti mwenyewe kama mtoto wa miaka mitatu.

"Unajua jasho ni nini kwenye baridi hii, Evon?"

"Ni kazi, Mjomba."

"Ni maji. Umejimwagia maji ukiwa maili tano kutoka kwenye jiko. Mnyororo ungekatika leo, tungekukuta umekaa kitako, unatabasamu, mgumu kama samaki wa ghalani. Mwenye akili huanza akisikia baridi. Anafungua zipu kabla ya kilima. Anakwenda polepole."

Sasa nafanya hivyo. Naanza natetemeka, nafungua zipu, matairi nayapunguza hewa mpaka kidole gumba kizame. Chupa ya maji naiweka ndani ya koti, kwenye tumbo. Mfukoni samaki mkavu na kipande cha mafuta. Ni kweli, nakwenda mbali zaidi. Sijamwambia.

24 Novemba

Leo kazi ya fimbo. Maili sita chini yetu mto unapinda chini ya genge refu, na pale mkondo una nguvu, maji yanakula barafu kutoka chini. Shimo la Kona ya Genge halifungi mpaka Februari. Kila mwaka Mjomba analizungushia fimbo za msonobari zenye utepe unaong'aa. Unatoboa barafu kwa keekee, unachomeka fimbo, unamimina kikombe cha maji, unahesabu mpaka sitini. Imeganda kama mfupa.

Mjomba alitangulia na mtaimbo wake, anagonga barafu, anasikiliza. Alinipa fimbo arobaini.

"Ishirini na nane upande huu wa juu," akasema. "Kumi na mbili upande wa chini. Usisahau, shimo lina sura mbili. Anayetoka kwetu anaona moja, anayetoka Kuiguk anaona nyingine."

Upande wa juu tulimaliza pamoja. Kisha wakamwita kwa redio yake ya mkononi: pikipiki ya mzee fulani imekufa njiani huko juu. Akaniachia keekee na chupa ya maji moto. "Malizia upande wa chini. Pita kwa ukingo wa mchanga, mbali na shimo. Usikaribie."

Nimemaliza. Zote arobaini. Mjomba akaniuliza jioni, nikamwambia, "Zimesimama kama askari." Akasema nimekuwa mtu mzima. Mama Agafia akaniongezea nyama.

25 Novemba

Si zote.

Ishirini na nane ziko pale. Kumi na mbili ziko chini ya sakafu ya nyumba ya mvuke tunamoogea, nyuma ya magogo. Maji kwenye chupa yalikuwa yamepoa, na giza lilikuwa linaingia. Na barafu ya upande wa chini ilikuwa inatoa sauti. Yeyote angerudi. Nitakwenda keshokutwa, ni safari ya saa moja tu. Tena itakuwa mazoezi.

27 Novemba

Theluji. Sikwenda.

30 Novemba

Hasi thelathini na nane. Mjomba amekataza mtu yeyote kutoka. Amri ya mkubwa si ya kubishia.

4 Desemba

Bado hasi thelathini. Nimefanya mazoezi ndani: kuchuchumaa mara mia mbili nikiwa nimembeba Mama Agafia mgongoni. Alikuwa anakoroga akutaq, bakuli la mafuta na matunda mkononi, anapiga kelele, "Nishushe, mwehu, utanimwagia!" Tulicheka mpaka jirani akabisha hodi.

Kisha Mjomba akasema, kama anazungumzia hali ya hewa, "Baridi hii itafunga ngozi Konani."

"Si vizuri hiyo?" nikauliza.

"Ni vibaya mno. Shimo wazi unaliona, linatoa moshi. Likifunga ngozi nyembamba na theluji ikalala juu, linafanana na njia. Hapo ndipo fimbo zinapookoa mtu."

Chakula kilinikwama. Nikakohoa, nikasema ni mfupa.

5 Desemba

Watu wa Kuiguk hawapiti Konani. Wakija huku wanapita njia ya mkato ya msituni, inafupisha maili mbili. Kila mtu anajua. Sijui kwa nini sikulikumbuka hili mapema. Nitalala vizuri.

6 Desemba

Sikulala vizuri.

11 Desemba

Maili kumi na tano, kuelekea juu. Siku hizi nafanyia mazoezi upande wa juu tu. Njia ni nzuri zaidi.

12 Desemba

Nimekwenda kuziangalia. Bado kumi na mbili.

15 Desemba

Leo nilielekea chini. Nilifika maili ya nne. Barafu ililia. Wanaoishi hapa wanajua kilio hicho, ni barafu inajinyoosha tu kwa baridi, ufa unakimbia kutoka ukingo hadi ukingo na sauti inapita chini ya matairi. Nimekisikia tangu nizaliwe. Lakini leo ilikuwa kama kuna kitu kinanifuata kwa chini, kikisimama nikisimama. Mnyororo ulianza kuteleza, nikaona nisiuharibu. Nimerudi.

Mnyororo ni mzima.

19 Desemba

Maji yamepanda juu ya barafu karibu na kijiji, yamejificha chini ya theluji. Huwezi kupita. Si kosa langu.

22 Desemba

Hasi ishirini. Jua limeonekana kwa saa tano na nusu tu. Mjomba kaniambia, "Siku hizi umepungua maneno. Unaumwa?"

"Bingwa anahifadhi pumzi, Mjomba."

"Mm," akasema.

Naogopa ile "mm" yake kuliko dubu.

25 Desemba

Tumekula. Zawadi: soksi za sufu, na taa mpya ya kichwani. Mjomba alisema, "Ya kukuonyesha njia." Nikaenda nje kukojoa, nikasimama huko muda mrefu.

29 Desemba

Theluji imeanza.

30 Desemba

Theluji.

31 Desemba

Theluji mpaka dirishani. Nimefagia paa mara mbili. Mama Agafia anasema hajaona hivi tangu alipokuwa msichana.

2 Januari

Wamesema redioni njia ya mkato ya msituni imezikwa. Theluji laini mpaka kifuani, pikipiki mbili zimezama, wamezitoa kwa kamba. Mtoni upepo umeisukuma theluji na kuigandamiza. Imekuwa ngumu kama meza. Njia nzuri kwa baiskeli.

Nimesoma tena mstari huo nilioandika.

5 Januari

"Napauk, Napauk. Trofim hapa. Mwambieni mwenye godoro kwamba keshokutwa asubuhi natoka saa kumi na mbili. Napita mtoni."

Nikajifanya nacheka. "Wewe! Na theluji hii? Subiri Machi."

"Loo! Leo unaniambia nisubiri? Si ulisema kama ni mwanamume?"

Kesho nakwenda. Kesho, hata mbingu ianguke.

6 Januari

Nilizifunga fimbo zote kumi na mbili mgongoni. Keekee kwenye usukani, maji moto ndani ya koti. Nilimwambia Mjomba nakwenda mazoezini.

Upepo mkali ajabu. Unatoka kusini, unanipiga usoni, sioni hata gurudumu la mbele. Fimbo zinanivuta kama tanga. Hakuna mtu angeweza kupanda chochote. Nimerudi.

Baadaye, baada ya chakula. Nilichukua redio. Nikamwita Trofim, nikamwambia kwa upole, sijawahi kumwambia mtu kitu kwa upole hivyo, "Kesho usipite mtoni. Pita msituni."

Akaangua kicheko. "Msituni! Nizame mpaka shingoni, nifike kwenu jioni, unipigie makofi? Janja yako naijua, Evon."

"Sifanyi janja."

"Lini umewahi kutofanya?"

Hapo Mjomba akanyoosha mkono, nikampa kipaza sauti. Alikuwa na miwani yake ya kusomea, anarekebisha karatasi za rangi za ile nyota yetu kubwa tutakayoibeba kesho nyumba kwa nyumba. Akasema kwa ile sauti yake ambayo mto mzima unaiamini:

"Trofim, mwanangu. Usimsikilize huyu, anaogopa utampita. Mtoni ni pazuri. Konani tumeweka alama pande zote mbili. Ukiona fimbo, shika mchanga, ukingo wa kushoto. Usipoziona, bado hujafika."

"Asante, Mjomba Nikifor."

"Njoo salama."

Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake. Nilikuwa naona kichogo chake. Ingetosha kusema neno moja. Mama Agafia aliniuliza kama nataka chai. Nikasema ndiyo.

9 Januari

Naandika ya tarehe saba. Vidole viwili bado vimefungwa bandeji, mwandiko utakuwa wa kuku.

Sikusubiri mtu aamke. Niliwasha taa ya kichwani, nikafunga fimbo, nikatoka. Hasi thelathini na moja. Sikufungua zipu, sikwenda polepole, nilisahau kila nilichofundishwa. Jasho lilinitoka likaganda kwenye nyusi. Maili sita. Nilikuwa napiga hesabu kichwani, mimi nisiyejua kugawanya: ametoka saa kumi na mbili, maili kumi na sita mpaka Konani, njia ngumu kama meza. Saa nne. Labda mapema kidogo.

Nilifika kukiwa na ule weupe wa kijivu kabla ya jua. Fimbo zangu ishirini na nane zimesimama, utepe unang'aa kwenye taa yangu. Nyuma yake hakuna shimo. Theluji tupu, laini, safi. Lilikuwa limefunga ngozi. Mtu asiyejua angeipiga picha akaiweka ukutani.

Na ng'ambo ya hapo, mbali, taa moja inakuja. Inayumba kushoto, kulia, kama taa ya mtu anayekanyaga kwa nguvu.

Nilipiga kelele. "Simama! Trofim, simama! Shimo!" Nilirusha mikono yote miwili juu, nikaruka ruka. Sauti kwenye baridi ile inakwenda mbali, najua alinisikia, kwa sababu alijibu. Alijibu hivi: "Nakuona, godoro! Nakuja!"

Akaongeza mwendo.

Kila siku ya maisha yake nikimpungia mkono ilikuwa kumzomea. Angejuaje kwamba leo ni tofauti?

Ile sauti haikuwa kubwa. Nilidhani itakuwa kama bunduki. Ilikuwa kama mtu kukaa kwenye kiti cha zamani. Taa ikaenda chini, ikawaka kijani ndani ya maji, ikazimika.

Nilizunguka kwa ukingo wa mchanga, ile njia niliyoagizwa Novemba. Nilianguka, fimbo zikakatika kamba zikatawanyika kwenye barafu ya upande wa chini. Nikaziacha. Alikuwa amekumbatia baiskeli yake. Yale matairi manene yanaelea, hakuna aliyewahi kuniambia, yanaelea kama maboya. Yeye yuko majini mpaka kifuani, mkondo unamvuta miguu chini ya barafu, ananitazama.

"Evon," alisema. Hakuwa na matusi. "Evon, miguu siisikii."

Nililala kifudifudi. Nilimlaza Mama Mkwe mbele yangu, nikamsukuma kwa mkono, nikawa natambaa nyuma yake. Barafu inapinda. Unaisikia kwa tumbo inavyopinda. Meno yangu yalikuwa yanagongana, nikawa namuongelesha Mama Mkwe, nikimuomba msamaha kwa jina nililompa. Gurudumu la mbele likafika ukingoni mwa shimo. Trofim akaachia mkono mmoja, akashika mpira. Hapo tukakwama. Mimi sina nguvu ya kumvuta, yeye hana ya kupanda. Miguu bora kuliko yote mtoni, na haikuwa na kazi yoyote.

Sijui ni muda gani. Kisha nikasikia pikipiki. Mama Agafia alikuta kitanda changu kitupu, na Mjomba akafuata alama za matairi. Alitupa kamba bila kuuliza neno. Tulimvuta mpaka kwenye mchanga, Mjomba akamvua nguo zote, akamvika koti lake mwenyewe, akamfunga kwenye mfuko wa manyoya juu ya sleji.

Ni hapo tu ndipo Mjomba alipoziona fimbo. Zimelala ovyo kwenye barafu ya upande wa chini, utepe unang'aa. Akaokota moja, akaitazama. Akaokota zote.

"Upepo wa jana umeziangusha," nikasema mimi.

Akazilaza kwenye sleji kando ya Trofim. Alikuwa anatetemeka, hana koti.

10 Januari

Ndege imempeleka Trofim hospitalini mjini Bethel. Watu wanaingia nyumbani kunishika mkono. Mtoto mmoja ameomba kumgusa Mama Mkwe.

12 Januari

Mjomba alikwenda hewani saa mbili asubuhi, wakati mto mzima uko kwenye chai.

"Huyu ni Nikifor. Alama za Konani ni jukumu langu. Upande wa chini hazikuwepo. Nilimwambia kijana wa watu apite, nikamwambia zipo, na sikuwa nimekwenda kuziona kwa macho yangu. Kosa ni langu. Kuanzia leo siongozi tena watafutaji. Chagueni mtu mwingine."

Akaning'iniza kipaza sauti, akatoka kupasua kuni.

Miaka ishirini na mitatu ameifanya kazi ile.

15 Januari

Mjomba ameziegemeza fimbo kumi na mbili ukutani, karibu na mlango, vichwa chini, ncha juu. Nazipita kila nikitoka.

16 Januari

Leo nimezitazama vizuri. Fimbo iliyogandishwa kwenye barafu haing'oki. Upepo ukiizidi inavunjika, na kisiki kinabaki. Hizi ni nzima. Ncha zake kavu, safi, zimechongwa kwa kisu changu. Hazina hata tone la barafu.

Mtu aliyepanda fimbo miaka ishirini na mitatu hahitaji kuzitazama mara mbili.

Anajua. Alijua tangu mchangani.

20 Januari

Tulikuwa kwenye nyumba ya mvuke, mimi na yeye tu. Alimwaga maji kwenye mawe, mvuke ukajaa, hatuonani.

"Evon."

"Naam, Mjomba."

"Ule upepo wa tarehe sita. Ulitoka wapi?"

"Kusini."

Akamwaga maji tena. Masikio yaliniwaka.

"Haya," akasema.

Nilitamani anipige.

24 Januari

Sijaendesha tena. Tairi la nyuma limelala.

3 Februari

Paraska amezungumza redioni. Trofim amekatwa vidole vitatu vya mguu wa kulia. Atatembea. Kuhusu kuendesha, daktari anasema atajifunza upya. "Na Evon, kama upo, mama anakushonea kitu. Anasema wewe ni mwanawe sasa."

Mama Agafia alinisukuma begani: "Mjibu msichana, bubu wewe!" Nikatoka nje.

11 Februari

Kifurushi kimefika kwa ndege. Glavu za ngozi ya biva, yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno, manyoya ndani, shanga za buluu kwenye vifundo. Zinanienea kana kwamba alinipima nikiwa nimelala. Nimezirudisha kwenye karatasi yake.

13 Februari

Jana walikuja wazee watatu kumuona Mjomba. Wanataka kijana aongoze watafutaji, mtu jasiri, mwenye mapafu. Walikuwa wananitazama mimi wanaposema. Mjomba alikwenda kwenye kona, akaleta mtaimbo wake, akaulaza mezani mbele yangu.

"Sikatai," aliwaambia. "Aamue mwenyewe kama unamfaa."

Umelala pale mezani tangu jana. Tunakula tukiuzunguka.

16 Februari

Trofim amerudi kwao.

17 Februari

Saa mbili asubuhi. Mama Agafia alikuwa anamimina chai. Nilichukua kipaza sauti.

"Napauk, Kuiguk, na kote. Evon hapa."

"Haya, shujaa!" akasema mtu. "Leo umemshinda nani?"

"Mjomba Nikifor hana kosa. Alinipa fimbo kumi na mbili za upande wa chini, nikazificha, nikamwambia nimezipanda. Hazikuangushwa na kitu. Zile mlizosikia zilikuwa zimelala barafuni, mimi ndiye niliyezibeba siku ileile, nimechelewa."

Mama Agafia bado anamimina, kikombe kimejaa, chai inapita mezani mpaka kwenye mtaimbo.

Kisha sauti ya Trofim. Nyembamba kidogo kuliko zamani. "Siku moja kabla uliniambia nipite msituni. Ulikuwa umetoka wapi?"

"Konani."

"Nazo?"

"Nazo. Mgongoni."

"Sasa kwa nini hukuzipanda?"

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nimeliandika hata humu, tarehe sita, mnaweza kulisoma. Mjomba aliweka kikombe chake chini, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza.

"Nilifika mpaka kwenye fimbo," nikasema. "Nilisikia maji yanapumua chini ya theluji. Niliogopa, Trofim. Niligeuza baiskeli nikakimbia nyumbani. Mara zote nilikuwa naogopa, tangu Novemba."

"Pale mchangani nilisikia unasema kulikuwa na upepo," akasema.

"Hapakuwa na upepo. Siku ile hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti."